Umeme Uliopotea Njiani

Mama yangu si mtu wa kupiga simu siku za kazi. Anajua nafundisha fizikia katika sekondari moja pale Mpemba, na anajua mwalimu akiwa darasani simu yake inalala kwenye pochi. Kwa hiyo siku alipopiga katikati ya kipindi, kisha akapiga tena, nilitoka nje nikiwa nimeshajiandaa kusikia habari ya msiba.

"Hakuna aliyekufa," alisema kabla sijamwamkia. "Ila njoo uwaone baba zako. Mmoja amemwita mwenzake mwizi mbele za watu."

Nilimuuliza nani kamwita nani.

"Wa kwangu ndiye aliyesema."

Baba zangu ni wawili, aliyenizaa na mdogo wake. Kwao ni Mbebe, kule juu Ileje, kwenye shamba la babu lililogawanywa: baba mdogo alipewa sehemu ya juu iliyo kando ya barabara, baba akapewa ya chini inayoteremka hadi kijitoni. Baba mdogo ni seremala na hajawahi kuishi mahali pengine. Baba yeye aliendesha malori. Ujana wake na utu uzima wake wote aliumalizia kati ya Tunduma na miji ya shaba ya Zambia, na alipochoka na foleni za mpakani alirudi nyumbani akiwa na wazo moja tu kichwani, mashine ya kusaga.

Umeme ulipofika kijijini ulifuata barabara, kwa hiyo ulimfikia baba mdogo kwanza. Kwa baba kulikuwa mbali na nguzo. Walikubaliana kindugu, bila hata kubishana, kwamba mita ya baba ifungwe kwenye ukuta wa baba mdogo, na kutoka hapo waya uteremshwe juu ya nguzo za mikaratusi, upite juu ya kahawa na migomba mpaka kwenye kibanda cha mashine. Waya baba aliununua mwenyewe. Siku ya kuuvuta baba mdogo ndiye aliyepanda nguzo zote, maana magoti ya baba yalikuwa yamekwisha kwa kukanyaga klachi.

Mashine ikasaga, lakini kwa shida. Ukiiwasha inanguruma muda mrefu kama ng'ombe anayekataa kuinuka, halafu inaanza kuzunguka kwa uvivu. Taa za nyumbani zinafifia mpaka unaona waya mwekundu ndani ya glopu. Ukimwaga mahindi kwa haraka kidogo mkanda unateleza na mota inachemka. Na luku, umeme wa kulipia kabla, ilikuwa ikiisha upesi. Baba, ambaye aliweza kusimama kando ya injini ya dizeli akaujua ugonjwa wake kwa kuisikiliza tu, aliinamia mota ile akasikiliza, asisikie kitu cha kumsaidia. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko wateja waliopungua. Alikuwa mzee anayejua mashine, na sasa kulikuwa na mashine iliyokataa kuzungumza naye.

Akaanza kuangalia waya. Siku moja, akipita kwa mdogo wake, aliona juu chini ya paa, hatua chache kutoka kwenye mita, waya wake umezungushiwa tepu nyeusi. Hakuuliza. Alirudi nyumbani na tepu ile ikakaa moyoni mwake. Na karakana ya baba mdogo ilikuwa palepale chini ya tepu, na ndani yake randa ya umeme inalia kutwa nzima.

Neno lilimtoka kwenye matanga ya jirani. Wanaume wanaota moto, mtu akamtania baba kwamba mashine yake inasaga kama bibi kizee asiye na meno. Baba akajibu, "Itasagaje, wakati huko juu kuna mtu anaunywa umeme kabla haujanifikia?"

Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye benchi hilohilo. Mama anasema aliinuka, akachukua koti lake, akaenda zake. Tangu siku hiyo mama mdogo, mke wake, akawa anapita mbele ya mashine yetu na debe la mahindi kichwani, anamwamkia mama kwa heshima zote, kisha anaendelea kushuka mpaka ng'ambo ya kijito kusagisha kwa watu baki. Kanisani ndugu hao wawili waliketi upande mmoja siku zote. Sasa baba mdogo akahamia nyuma, karibu na mlango.

Jumamosi nilipanda gari ya Ileje pale njia panda ya Mpemba. Kwenye begi nilikuwa na mita ya maabara ya shule, ile yenye kidomo cha kubana waya, ambayo inasoma ampea bila kukata kitu na inasoma volti ukiigusisha nyaya zake mbili. Mkuu wa shule alinipa akicheka, akisema nisiirudishe imeungua.

Mimi sikucheka. Gari ilipoanza kupanda milima, nilianza kuwaza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza wakati nikiomba mita. Kila mwaka naandika ubaoni maneno yaleyale: volti ukizigawanya kwa ampea unapata ukinzani wa waya, yaani kiasi waya unavyoubania umeme njia, volti ukizizidisha kwa ampea unapata wati, yaani kazi inayofanyika. Maswali ya kitabuni yanakupa namba mbili, unatafuta ya tatu. Jibu likitoka linapigiwa mstari chini na maisha yanaendelea. Sasa nilikuwa naenda kutafuta namba ambayo chini yake angekuwa amekaa mtu. Kama ampea zinazotoka juu ni nyingi kuliko zinazofika chini, basi kuna anayezichukua katikati, na mimi ndiye ningekuwa shahidi wa hilo.

Na mtu mwenyewe ni yule. Nilipochaguliwa kwenda bweni baba alikuwa amekwama na lori upande wa pili wa mpaka. Baba mdogo ndiye aliyenitengenezea sanduku la mbao, akalipaka vanishi, akalibeba begani tangu nyumbani mpaka stendi, kisha akapanda gari pamoja nami mpaka geti la shule. Sanduku lile bado ninalo. Nilikaa dirishani nikitazama vilima vya Ileje vikisogea, nikawa naomba Mungu namba ziwe sawa, jambo ambalo mwalimu wa sayansi hatakiwi kuomba.

Baba alinipokea kwa furaha ya mtu aliyeletewa wakili. Kabla sijanywa hata uji alinipeleka kibandani. Mashine ilikuwa imezimwa. Nikagusisha mita kwenye swichi, ikasoma volti mia mbili na thelathini.

"Ngapi zinatakiwa?" aliuliza.

"Hizohizo, baba."

Alipiga kofi moja kubwa. "Si unaona! Ameambiwa unakuja, amechomoa. Leo umeme wote umefika."

"Hapana, baba. Mashine haijawashwa. Waya usipobeba kitu hauonyeshi udhaifu wake. Ni kama mpira wa maji: ukiuziba mdomo, maji yanasukuma kidole chako kwa nguvu hata kama mpira ni mwembamba namna gani. Ufungue ndipo utajua."

Hakuridhika. Nilimwambia nitahitaji kupima na kule juu. Alitazama pembeni.

"Hiyo nenda mwenyewe," alisema.

Baba mdogo nilimkuta karakanani anapiga randa mguu wa kitanda. Nilimwamkia nikiwa nimepiga goti kidogo, kama tulivyolelewa. Aliitikia marahaba bila kuzima randa. Nikasimama nikisubiri, maranda yakirukia sketi yangu. Alipofika mwisho wa ubao alizima, akautazama mfuko wa mita.

"Umetumwa?"

"Mama amenipigia. Nimekuja mwenyewe."

"Na hicho chombo kinapima wezi?"

"Kinapima waya, baba."

Alifuta mikono kwenye suruali. "Pima," alisema. "Panda hiyo ngazi, pima unavyotaka."

Nikapanda. Tepu nyeusi ilikuwa pale kweli, imezungushwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayependa kazi safi. Yeye chini aliona ninakotazama.

"Hapo tawi la mkaratusi liliangukia waya, siku ya ule upepo mkubwa," alisema. "Ukakatika. Baba yako alikuwa amekwenda Mbeya kutibiwa macho. Nikaona mashine italala na wanawake wameshapanga madebe. Nikazima kwenye mita, nikauunga. Aliporudi mashine inafanya kazi, sasa ningemwambia nini?"

Nilishuka ngazi nikamweleza ninachotaka kufanya. Sikutaka kuanza na mashine yenyewe, kwa sababu mota ina vituko vyake, haichukui umeme kwa unyoofu. Nilitaka kitu kinyoofu. Mama alikuwa na jiko la umeme la koili, la mafiga mawili, nililomnunulia Tunduma na ambalo hulitumia Krismasi tu. Tungeliwasha kule chini kibandani, liwake lote, halafu ningepima ncha zote mbili za waya likiwa linawaka.

Mama alikubali kwa sharti lake. "Siwezi kuwasha jiko liwake bure," alisema, akabandika sufuria la maji ya chai kwenye figa moja na maharage kwenye lingine. Basi uchunguzi wetu ulianza hivyo, baba amesimama mlangoni mwa kibanda amekunja mikono, mama amekaa kwenye kigoda anachochea maharage, na mimi nimebana waya kwa kidomo cha mita.

Chini ilisoma ampea kumi. Volti zilikuwa zimeshuka kutoka mia mbili thelathini hadi mia mbili na kumi. Zile ishirini zilikuwa zimekwenda mahali.

Nilipanda mteremko ule nikihema, viatu vimejaa udongo. Kwa baba mdogo nilipima volti kwanza: mia mbili thelathini, hazijatikisika. Kisha nikapanda ngazi. Nilibana waya upande wa mita ya ukutani, kabla ya tepu. Kumi. Nikahamisha kidomo baada ya tepu. Kumi. Nilirudia kabla, nikarudia baada. Kumi na kumi. Na chini nilikuwa nimeacha kumi.

Kilichotoka kwa baba mdogo ndicho kilichofika kwa baba. Njiani hapakuwa na mdomo uliounywa.

Baba mdogo aliuliza, "Vipi?" Nikamwambia waya ni mzima, hakuna kinachotoka katikati. Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa kwamba jua limetoka, akarudi kuwasha randa yake. Nilitarajia afurahi. Nilikuwa sijaelewa kwamba kwake hiyo haikuwa habari.

Kwa baba ilikuwa kazi. Chai ilikuwa imeiva, tukakaa kibandani, nikamweleza. Volti ishirini zimepotea, waya umebeba ampea kumi. Ishirini gawanya kwa kumi ni mbili. Waya wake wote, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu mbili. Kwa waya wa kuwashia taa hiyo si mbaya. Kwa mashine ya kusaga, umbali ule, ni mbaya sana. Waya ni mwembamba mno.

Alinywa chai yake. "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu nieleze hili. Unasema umeme unapotea njiani. Halafu unasema ampea zilizotoka juu ndizo zilizofika chini, hazikupungua hata moja. Sasa kilichopotea ni nini?"

Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani, na nilihangaika nalo. Nilianza na maji, nikaona hayafiki. Kisha nikamtazama, mzee mwenye kofia yake ya udereva, nikasema, "Baba, malori kumi yakitoka Tunduma kwenda Ndola, mangapi yanafika?"

"Kumi, Mungu akipenda."

"Na mafuta kwenye matangi?"

"Yamepungua."

"Nani kayaiba?"

"Barabara," alisema. "Barabara mbovu inakunywa mafuta kuliko dereva mwizi."

"Ndiyo hivyo. Malori ni zile ampea, yote yamefika. Mafuta ni volti. Yameliwa na njia."

Lakini mtu aliyeshikilia jambo kwa muda mrefu haliachii kwa mfano mmoja. Akasema huenda mdogo wake alichomoa kwa siku ile tu, mimi nikishaondoka atachomeka tena. Nikamwambia sawa, tusibishane, tuwashe mashine. Mashine inachukua kama ampea ishirini. Kama maneno yangu ni kweli, waya huohuo utakula kama volti arobaini, pungufu kidogo kwa sababu ya tabia za mota, na mashine italegea kama inavyolegea kila siku, bila mtu yeyote kugusa kitu. "Na huko juu," nilimwambia, "twende wote ukaone kwa macho yako kama kuna kilichochomekwa."

Hakutaka kwenda juu. Alisema magoti. Akawasha mashine. Ilinguruma, ikakataa, ikakubali. Mama akamwaga mahindi. Nilishika mita mbele ya macho yake: ampea ishirini, volti mia moja tisini na kitu, zinachezacheza. Taa ya kibandani imekuwa nyekundu. Ulegevu uleule wa kila siku, na umeelezwa kabla haujatokea.

"Huu ndio ugonjwa wake?" aliuliza kwa sauti kubwa juu ya kelele.

"Huu huu."

Nikamwambia ashike waya pale unapoingia ukutani. Alinitazama kwa wasiwasi. Nikamwonyesha ganda lake ni zima. Akaushika kwa vidole viwili, halafu kwa kiganja chote.

"Una uvuguvugu," alisema.

"Hapo ndipo umeme wako unapoishia. Ampea ishirini mara ishirini, mara ule ukinzani wa mbili. Wati mia nane. Ni kama umewasha pasi asubuhi, ukaiacha inapiga pasi hewa mpaka jioni. Kwa jiko zilikuwa wati mia mbili tu. Ukizidisha mzigo mara mbili, hasara inazidi mara nne."

Alizima mashine. Kibanda kikawa kimya, vumbi la unga likishuka taratibu kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa bado ameshika waya.

"Napasha moto migomba," alisema.

Hakula mchana ule. Alikaa nje ya nyumba amegeukia kijito, na mimi na mama tukamwacha. Jua lilipoanza kulegea aliniita.

"Nenda kwa baba yako mdogo umweleze. Wewe unajua kueleza. Mwambie zile volti na zile ampea, na lile la malori."

Nilitaka kwenda. Ningekuwa nimemrahisishia, na miguu yangu ilikuwa tayari imeshainuka. Mama, ambaye alikuwa anachambua mboga karibu na mlango, hakuinua kichwa, ila mikono yake ilisimama.

"Hesabu nimefanya mimi, baba," nilisema. "Yale maneno ya msibani si yangu."

Nilidhani atanikaripia. Sijawahi kumjibu hivyo maishani mwangu. Aliomba fimbo yake. Nikamfuata nyuma, kwa sababu mteremko ule unateleza na kwa sababu niliogopa.

Baba mdogo alikuwa anafagia maranda. Alimwona kaka yake akipanda taratibu, akisimama kila baada ya migomba michache kupumua, naye hakwenda kumpokea wala hakuingia ndani. Alisimama na ufagio wake. Baba alipofika alitaka kuketi, akaona hakukaribishwa, akabaki amesimama.

"Mdogo wangu," alisema, "umeme haukuibwa."

"Nilijua."

"Waya ndio mwembamba. Mtoto ameupima."

"Vizuri. Waya umepimwa." Baba mdogo aliegemeza ufagio ukutani. "Na mimi, kaka, nilipimwa lini?"

Baba aliegemea fimbo yake kwa mikono miwili.

"Hukupimwa," alisema mwishoni. "Nilikuhukumu tu. Niliona ile tepu, nikahukumu."

"Ungeuliza. Tepu si siri. Ungeuliza ningekwambia siku hiyohiyo."

"Ningeuliza, ndiyo."

"Ulisema mbele za watu. Wapo watu wananiletea mbao hapa wanazihesabu mara mbili. Ukirudi kusema, sema mbele ya watu walewale."

Nilitamani baba mdogo asamehe palepale. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kulia. Lakini nikimwangalia nilijua ana haki, na baba naye alijua, kwa sababu alikubali kwa kichwa tu, akageuka, tukateremka.

Kesho yake kanisani, ambako wengi wa wale wa matangani walikuwapo, wakati wa matangazo baba aliomba ruhusa kwa wazee. Alisimama mbele na kofia mkononi. Nilidhani atasema sentensi moja akae. Kumbe usiku kucha alikuwa amejipanga kueleza. Alianza na volti, akazichanganya na ampea, akarudi kwenye malori, akasema malori mia mbili thelathini yametoka Tunduma na ishirini yamepotea njiani, watu wakaanza kucheka. Mimi niliinamisha kichwa kwa aibu ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake anafeli hadharani. Baba alisubiri kicheko kiishe. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo iliwanyamazisha wote, "Nilimwita mdogo wangu mwizi. Si mwizi. Aliyenila ni waya nilioununua kwa mkono wangu. Mdogo wangu aliunga waya wangu mimi nikiwa sipo, nami nikamlipa kwa kumchafua. Naomba mnisamehe, naye anisamehe."

Baba mdogo alikuwa kule nyuma karibu na mlango. Hakuinuka wala hakwenda kumkumbatia. Alitazama sakafu mpaka wimbo ulipoanza. Lakini nje, watu wakisalimiana, alikuja akampa kaka yake mkono, akaushikilia kidogo zaidi ya kawaida, akaondoka.

Nilirudi Mpemba nikifikiri imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mama aliniambia kwa simu kwamba mama mdogo aliendelea kupita na debe lake kwenda ng'ambo ya kijito kwa wiki nyingi, na hakuna aliyemuuliza. Siku moja tu alisimama, akalitua debe mbele ya kibanda, akasema, "Leo jua kali." Mama akampisha. Mahindi yakasagwa, polepole kama kawaida.

Kuhusu mashine kulikuwa na njia mbili, na nilikuwa nimemweleza baba zote. Anunue waya mnene, au mashine yenyewe ihamie juu, karibu na mita, ambapo njia ni fupi na hakuna cha kupoteza. Ya pili ndiyo iliyokuwa na maana, lakini ilihitaji ardhi ya mdogo wake, na baba aliapa kwamba hawezi kumwomba kitu tena. Alianza kuulizia waya mnene. Kumbe mama alikuwa amemwambia mama mdogo ile njia ya pili, na mama mdogo akamwambia mumewe. Baada ya mavuno baba mdogo aliteremka na kamba yake ya kupimia, akazunguka mota kimya, akapima urefu na upana wa kibanda, akaandika kwa penseli ya seremala kwenye kipande cha ubao.

"Unapima nini?" baba alimuuliza.

"Kibanda kipya. Huu upande wangu wa barabarani upo wazi. Utaweka mashine au nipande viazi?"

Baba alisimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara akifika kwenye viazi sauti yake inabadilika.

Likizo iliyofuata nilikwenda na ile mita. Mashine ilikuwa imeshahamia juu, ndani ya kibanda chenye mlango bora kuliko wa nyumba nyingi za kijiji. Niliwasha, nikasubiri ingurume kwa muda kama zamani. Iliruka mara moja na kuanza kuimba. Mita ilisoma mia mbili ishirini na tisa. Baba hakuitazama. Alikuwa amesimama kando, kichwa ameinamisha upande mmoja, anasikiliza, na nilipotaka kumsomea namba alininyamazisha kwa mkono.

Ule waya wa zamani umebaki, unashuka kwenye mikaratusi kupeleka taa nyumbani na simu ya mama kuchajiwa, na kwa kazi hiyo unatosha kabisa. Siku hizi swali hilo huwapa wanafunzi wangu bila kuwaambia limetoka wapi. Nawapa volti za juu, volti za chini, na ampea, nawauliza omu na wati. Wengi wanapata. Wachache huuliza kwa nini mwalimu hataki waandike jibu mpaka wamelinganisha namba za ncha zote mbili za waya, nami huwaambia ni utaratibu.

Kule Mbebe, mara ya mwisho nilipofika, niliwakuta wazee wangu wanabishana. Vumbi la unga linaingia karakanani na kugandia vanishi mbichi, vitanda vinatoka na madoadoa meupe. Baba mdogo anataka mashine isisage siku za kupaka vanishi. Baba anasema watu wanakula ugali kila siku, vitanda wananunua mara moja. Mama na mama mdogo walikuwa wameketi kwenye mbao pembeni wakimenya maharage mabichi, na hakuna kati yao aliyeonekana kutaka kuwaamua.